Amina ya Posta

Akiru mjukuu wangu,

Ejok, hujambo? Huku Kanamkemer tu wazima, na yule mbuzi wako amezaa mapacha. Umeuliza kwa nini posta yetu ina kengele. Zamani jengo hilo lilikuwa kanisa. Tulipojenga kanisa kubwa zaidi, posta ikafunguliwa katika lile la zamani. Barua za kwanza zilipofika, karani, mgeni hapa, alipiga kengele kutuita. Tukaja na nguo za Jumapili, wanawake kushoto, wanaume kulia, tukaimba kwanza. Karani akangoja tu. Kila aliposoma jina, sote tuliitikia, "Amina!" Mama yangu alikuwa hajapata habari za kaka yangu tangu aende Kapedo. Jina la mama liliposomwa, paa lilitikisika.

Jana nilipopokea barua yako, nilisema amina kwa sauti ndogo. Foleni nzima, hata vijana wenye simu mkononi, ikaitikia.

Nyanya yako