Siku Niliyodhani Umemtuma Mtu Aniue

Dada yangu Mama Somoe,

Shikamoo. Marahaba yake nitaisubiri, sina haraka nayo.

Nakuandikia hapa hapa Mkomaindo, Masasi, kwenye kibanda changu cha chakula jirani na hospitali, maharage yakiwa jikoni. Ungekuwepo ungeniambia yataungua kwa sababu ya kujifanya karani. Tangu tukuzike kule Newala umepita msimu mmoja wa korosho. Mume wetu akiletewa chai bado anauliza kama Mama Somoe ameshakunywa. Akishauliza anakumbuka, anainamisha kichwa, na mimi najifanya sijasikia.

Watu hawakuelewa tulivyopatana. Mke mkubwa yuko Newala na mikorosho yake, mke mdogo yuko Masasi na masufuria yake. Walingoja tugombane wapate la kuongea. Miaka kumi na moja uliwanyima. Nilipojifungua Shaibu ni wewe uliyeteremka ukakaa nami siku arobaini, ukinikanda kwa maji ya moto na kunigombeza kwamba watu wa Masasi tunamwaga maji ovyo. Wewe mtu wa Newala, kwenye maji ya shida, kopo moja lilikutosha uso, mikono na miguu, na yaliyobaki ukayamwagia mchicha wangu. Nilicheka mpaka mshono ukaniuma.

Na ulikuwa na jicho. Namkumbuka yule mnunuzi wa kangomba, wale wanaozunguka vijijini kununua korosho kwa bakuli, mbali na mzani wa chama cha ushirika. Alikuja na pikipiki, injini hakuizima, akipiga kelele kwamba kesho bei inaanguka. Majirani walishaanza kukokota magunia. Ukamwambia, "Zima pikipiki, baba, unywe uji kwanza, na mimi nilitazame hilo bakuli lako." Hakuzima. Aliondoka na vumbi lake, nawe ukatuambia, "Anayekuharakisha hataki uangalie," ukarudi kubangua korosho. Nililisikia neno lile kwa masikio yangu mawili. Ilipofika zamu yangu nikalisahau lote.

Zamu yangu ilikuwa Jumatatu, mchana, watu wamejaa kibandani. Ujumbe ukaingia: "Mtu wa karibu yako amenilipa nikuondoe duniani. Nimekufuata wiki nzima, nimekuonea huruma. Ukitaka kupona usimwambie mtu yeyote, hata mumeo. Jibu haraka."

Kuna mteja nilimpakulia ugali mara mbili, mwingine nikamsahau kabisa mpaka akaondoka amenuna. Nilipopata nafasi nikajibu, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Niliandika, "Nani huyo aliyekutuma?"

Haikupita hata dakika, simu ikaita. Sauti ya mwanamume, nzito. Alitamka maneno mawili tu: "Asumini Bakari."

Jina lako, dada. Jina la kwenye kitambulisho, ambalo hapa Masasi nzima nilidhani tunalijua mimi na mume wetu tu. Nimemuuliza nani kamtuma, naye amelitaja. Nilikata simu, sikungoja neno la tatu. Ukaingia ujumbe mwingine: "Umekata simu. Una mpaka kesho jioni. Tuma laki tatu nikupe ushahidi, la sivyo usimlaumu mtu."

Sasa nakuambia lile ambalo sikuwahi kukuambia kwa mdomo. Sikubisha. Hata kidogo sikusema moyoni kwamba haiwezekani. Nilianza kukutafutia sababu, na sababu hazikosekani kwa anayezitaka. Nikakumbuka ulivyonyamaza mume wetu aliponiezekea bati jipya. Nikakumbuka ulivyouliza lini nitazaa tena. Hata zile siku arobaini nikazigeuza, nikasema kumbe alikuwa anaipeleleza nyumba yangu. Yule tapeli alituma maneno machache tu, uchawi wenyewe niliufanya mimi. Mume wetu alikuwa Nanganga kwa shemeji yake. Alipopiga nikamwambia sisi wazima. Niliambiwa nisiseme, nami nikatii mtu nisiyemjua.

Kesho yake ukafika. Nilikuwa nimesahau kwamba ni wiki ya kliniki yako ya presha. Uliingia na kapu, na ndani ya kapu ming'oko, ile mizizi ya porini ninayoipenda kuliko nyama, uliyoichimba mwenyewe na magoti yako yale mabovu, ukaichemsha, ukaipakata njia nzima kutoka Newala. "Kula ingali na uvuguvugu, Mama Shaibu."

Nikasema tumbo linauma. Ulipoingia ndani kuswali adhuhuri nikalibeba kapu, nikaimwaga ming'oko yote kwenye shimo la taka, nikaifukia kwa majivu.

Lakini wewe hukuweza kukaa kwenye nyumba ya mtu bila kazi. Umemaliza swala, umeona maganda ya vitunguu pale jikoni, ukayazoa kwenda kuyatupa. Nilikuona ukienda, sikukuzuia. Ulirudi na kipande kimoja cha ming'oko mkononi, cheupe kwa majivu. Ukakifuta kwa pindo la kanga, ukakimenya, ukakila mbele yangu, taratibu, mpaka kikaisha. Kisha ukaketi mkekani.

"Haya. Mimi nimekula, na unaniona ni mzima. Sasa niambie nimekukosea nini."

Nililia vibaya. Nikasema, "Wamekutaja, dada."

"Wakina nani?"

Nikakupa simu. Ulivaa miwani yako iliyofungwa uzi, ukasoma ujumbe wote, ukarudia. Nilingoja utukane, nilingoja uchukue kapu lako uondoke, na ungekuwa na haki. Badala yake ukauliza swali ambalo mpaka leo silisahau.

"Alinitajaje? Alisema Mama Somoe?"

"Hapana. Alisema Asumini Bakari."

Ukaangua kicheko, Mama Somoe. Ulicheka ukashika mbavu. "Nnungu wangu! Asumini! Hilo jina mara ya mwisho kuitwa nilikuwa nasoma darasa la nne. Mama Shaibu, ningekuwa nimemtuma mtu, ningemwambia naitwa Asumini? Hata adui yangu ananiita Mama Somoe."

Kisha ukaacha kucheka. "Tena hakunitaja mimi. Alikuwa anakuita wewe. Hii laini tuliisajili kwa kitambulisho cha nani?"

Ndipo nikakumbuka. Kitambulisho changu kilikuwa hakijatoka, tukaenda stendi kwa yule kijana wa mwamvuli, ukatoa chako na kidole chako, nami nikapata laini. Miaka imepita nimeitumia, nikasahau kwamba ina jina lako. Ulichukua simu yako ya tochi, ukajaribu kutuma shilingi mia tano kwenye namba yangu. Kabla ya namba ya siri simu ikakuuliza kama unataka kutuma kwa ASUMINI BAKARI. Ukanionyesha, ukaikatisha.

"Umeona? Anasema amekufuata wiki nzima. Huyu amebonyeza namba tu, simu ikampa jina, na jina lenyewe la mtu mwingine. Muuaji gani asiyemjua anayemuua?"

Nilipata aibu. Hapo hapo simu yangu ikaita, yeye yule. Ukaipokea ukaweka sauti ya juu.

"Asumini Bakari, muda unakwisha."

"Mbona huniamkii, mwanangu? Kwa umri wangu hata muuaji angetoa shikamoo."

"Mama, usilete utani. Nakuona hapo ulipo."

"Unaniona?"

"Nakuona vizuri kabisa."

"Basi geukia upande wa pili, mwanangu, maana naoga."

Likatoka tusi moja zito, halafu akakata. Nilicheka na machozi yangu bado usoni. Wewe hukucheka. Ulinishika mkono ukasema, "Mimi nimemjibu ili usikie alivyo mtupu. Siku ukiwa peke yako usifanye hivi. Usimjibu, usimtumie chochote, na usifute hata herufi moja. Na akikuambia usimwambie mtu, hiyo ndiyo alama yake. Siku hiyo hiyo mwambie mtu."

Sikuwa mtu wa kwanza kutishwa kwa simu, lakini nadhani ni wachache walioshikwa mkono na mtu waliyemshuku wakapelekwa polisi. Ulitembea mbele na magoti yako. Askari alisoma, akaandika maelezo, akachukua namba ya yule mtu, akatuelekeza kuituma pia kwenye ile namba ya bure ya kuripoti matapeli. Kisha tukaizuia isiingie tena. Tukapita stendi, kitambulisho changu kikiwa kimeshatoka, na mwezi uleule laini ikawa kwa jina langu, maana ulisema jina la mtu ni kama mswaki, haliazimwi.

Asubuhi yake, kwenye benchi la kliniki, ukawasomea wanawake wenzako ujumbe wote kwa sauti, kama tangazo la msiba. Nilitamani kujificha nyuma ya ukuta. Mama mmoja wa makamo akafungua mkoba wake bila kusema kitu, akatoa simu yake. Ujumbe wake ulikuwa huo huo, neno kwa neno. Tangu aupokee alikuwa hajazungumza na kaka yake wa tumbo moja. Ukamsogezea nafasi akae karibu nawe. Niliona siku ile kwamba ujasiri wako haukuwa wa kumchekesha tapeli kwenye simu. Ujasiri wako ulikuwa kusema mchana kweupe kitu ambacho sisi wengine tungekifia ndani.

Na habari ya shimo la taka hukuitaja tena. Hukuitaja kwa mume wetu, wala kwa mwanao Somoe, wala kwangu siku tulipokwaruzana kwa mambo mengine, na tulikwaruzana. Mimi nami nikanyamaza. Nilikupikia pilau, nikakununulia kanga, nikajiambia ameshaelewa. Neno la radhi lilinikaa kooni mpaka ukaondoka.

Tena nina kosa jingine, lisikie lote. Tangu ufe, kila nikisikia mtu amepokea vitisho namsimulia habari hii hapa kibandani. Lakini naisimulia imepunguzwa makali. Nasema nilimshuku jirani. Ming'oko siitaji. Nawe nakufanya mtu aliyetokea tu na akili zake akaniokoa. Watu wanasifu, wanakula, wanakwenda zao.

Juzi akaja binti mmoja wa Nanganga anayemuuguza mumewe wodini. Aliagiza chai hakuinywa. Nikamuuliza, akasita, mwishowe akanionyesha simu. Safari hii wameongeza picha ya panga, ila maneno ni ndugu wa yale yale: mtu wa ndani, tuma haraka, usimwambie yeyote. Akanong'ona kwamba anamshuku mama mkwe wake. Siku tatu mama wa watu anatoka Nanganga na chupa ya uji wa mgonjwa, na siku tatu binti anaumwaga chooni.

Nikaanza na simulizi langu la jirani. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Wewe alikuwa jirani, mama. Huyu wangu tunakula chungu kimoja."

Basi nikamwambia yote. Nikamwambia ni mke mwenzangu, aliyenikanda siku arobaini. Nikamwambia habari ya kapu, na shimo, na majivu, na wewe ulivyokimenya kile kipande. Wateja wengine walikuwepo na walisikia, na sikupunguza sauti. Binti akawa analia. Alipomaliza akaniuliza, "Ukamwomba radhi?"

Niligeuka nikachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Tulikwenda naye polisi, nikaacha kibanda wazi. Tulipokuwa tunarudi, mama mkwe wake alikuwa anashuka kwenye bodaboda langoni mwa hospitali, mwembamba, amekumbatia chupa yake. Binti akanitazama mara moja, akamkimbilia. Akapiga goti pale pale kwenye vumbi, akasema, "Shikamoo mama. Nina neno nataka kukuambia kabla hatujaingia." Yule mama akashtuka, akamshika bega amnyanyue. Mimi nikapita, kwa sababu lile neno halikuwa langu kulisikia.

La kwangu ni hili, na nimechelewa nalo. Nilikudhania muuaji, Mama Somoe, na mkononi ulikuwa umebeba chakula changu. Nisamehe, dada.

Mdogo wako, mke mwenzio,
Mama Shaibu