Salamu Hazijaisha

Jumatatu, 1 Machi 1621

Wahispania wamefika ng'ambo ya mto. Farasi tele, mahema, na padre mmoja juu ya nyumbu. Na viazi bado viko ardhini! Mahindi ndiyo kwanza tumeanza kuvunja. Kila mwaka ni hivihivi — wanatuacha tulime, tupalilie, tufukuze ndege, kisha wanakuja kuchoma.

Nilidhani baba mkwe atapuliza baragumu papo hapo. Yeye Kalfumanke ndiye toki wetu, mkubwa wa vita, na shoka la jiwe analo yeye. Wapi! Kaomba viazi vya kuchoma. Kala. Kisha kasema mtu avuke akawaambie tunataka mazungumzo.

Wanawe wamenuna wote. Mume wangu Huentemil kanuna kuliko wenzake, maana alishanoa mkuki na kutangaza kwamba kaunoa.

Mkalimani nani? Mimi, nani mwingine.

Jumanne, 2 Machi

Sasa nimeelewa. Mzee ana akili za ajabu!

Kaniita asubuhi, kaniambia kesho nikawasalimie wale watu sawasawa, kama binadamu. Nikamuuliza sawasawa kiasi gani. Akasema, "Usiruke hata shangazi mmoja."

Huku kwetu huanzi shauri na mtu kabla hujamuuliza baba yake, mama, ndugu, wakwe, mifugo, mavuno, na kila kijiji alichopita njiani. Naye anajibu chote, halafu anakuuliza wewe. Nilipoletwa hapa nikiwa mtoto, mji wetu wa Kihispania ulipoungua, nilidhani watu hawa watakufa njaa wakisalimiana. Leo mtu akisahau kuniuliza mama mkwe, namnunia mwezi mzima.

Basi wanaume watakaa mtoni wakisalimia. Huku nyuma wanawake na wazee wanavuna, wanaficha msituni. Kikapu cha mwisho kikifichwa, mama mkwe atawasha moto kilimani. Tukiuona moshi, salamu zimekwisha, na Huentemil atapata kazi ya mkuki wake.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anamenya viazi, akasema bila kuinua kichwa kwamba watanitaka. Wanawake weupe walio huku, Wahispania huwadai daima.

Siendi! Nina watoto wawili hapa. Nina mwanamume mwenye makelele. Nina mama mkwe anayenigombeza kila siku ya Mungu, na nikienda huko nitagombana na nani? Naogopa, naandika wazi. Baba mkwe anaweza kuombwa mtu mmoja kwa mavuno ya wote. Mimi ningekuwa yeye ningejibuje?

Jumatano, 3 Machi

Siku ya kwanza ya salamu. Koo limekauka.

Kapteni wao anaitwa Olmedo. Mwembamba, anatokwa jasho ndani ya chuma. Kaanza moja kwa moja na habari ya ngome anayotaka kujenga kivukoni. Kalfumanke kamtazama kwa huruma, kama mtu aliyemwona mtoto kala kabla ya kunawa. Kauliza, baba yako hajambo?

Kapteni ni yatima. Hana kaka, hana dada. Nikasema moyoni, tumekwisha, salamu zitaisha kabla ya jua kupanda! Kumbe sijui kitu. Mzee alitaka kujua baba alikufaje. Na mama. Na nani alizika. Na ng'ombe walirithiwa na nani. Kapteni alipofika kwenye ng'ombe sauti ilimtetemeka. Nikamwonea huruma kidogo.

Wenyewe wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wako hapa tangu enzi za babu. Jembe lao limechelewa sana.

Alhamisi, 4 Machi

Au siyo. Padre kaniambia leo ni Jumamosi! Nimepoteza siku mbili, sijui lini. Labda nilipojifungua. Kasema nirekebishe. Sirekebishi. Alhamisi yangu inanitosha.

Padre huyu ni mzee, taratibu. Anajua lugha yetu kidogo, anaitembelea kama mtu aliyevaa viatu vya kubana. Inabidi niangalie mdomo wangu.

Mambo mengine hayakwenda vizuri. Kapteni hakumsikiliza Kalfumanke hata kidogo, alikuwa ananitazama macho. Akaniuliza jina. Nikasema Llanquirai. Akaniuliza lile jingine. Nikasema nimelisahau.

Inés. Sijalisahau.

Nyumbani mama mkwe anasema upande wa bondeni bado. Mgongo umemkatika. Kanipa mguu wa kuku, yeye ambaye hunipa shingo.

Ijumaa, 5 Machi (kwao Jumapili)

Naandika nyuma ya farasi wa Huentemil, haraka. Wanakula. Moshi hakuna.

Kapteni kamkatiza mzee katikati ya habari za mbuzi. Kasimama. Kaniambia, "Mwambie anipe wewe. Nikikupata narudi leo hii, sichomi hata jani. Akikataa, naanza na lile bonde."

Watu wote wakanigeukia, wanasubiri. Mzee, mume wangu, wote. Mkulima gani angekataa? Nikafungua mdomo, na hiki ndicho kilichotoka: "Anauliza wakwe zako hawajambo?"

Mungu wangu! Nimechukua mahindi ya watu wote nikayatia kwenye ulimi wangu.

Kalfumanke alimtazama kapteni, akanitazama mimi. Kihispania hajui. Sidhani kama anajua. Akasema, "Wakwe zangu hawajambo. Mmoja uji wake mzito, unaweza kujengea ukuta. Lakini ndiye kinywa changu. Na kinywa mtu haazimishi."

Kapteni akauliza amesemaje. Nikamwambia anafikiri, na huku kwetu mtu hafikiri na njaa. Ndipo wakaleta nyama.

Sasa Padre kaja huku nyuma. Yuko mbele yangu, kasimama, mikono ndani ya mikono ya kanzu. Kasikia yote, upande huu na ule, naliona usoni mwake. Nikangoja anitaje jina la ubatizo.

Akaniuliza kwa lugha yetu, pole pole, mama mkwe wako hajambo?

Nikasema hajambo, ila mgongo. Akauliza mgongo tangu lini. Nikamweleza. Kapteni anaita, ananitaka. Padre kamwinulia mkono — ngoja — na hakugeuka. Kauliza watoto. Nikamtajia mmoja mmoja. Naandika huku namjibu, wala hashangai. Kapteni anaita tena. Padre kafika kwenye mbwa.

Mbwa tunao wanne. Naanza na yule kipofu