Kuhamia Shamba na Swali la Mama

Jumapili, baada ya magharibi. Mvua ya asubuhi imeacha joto la kunata. Nimechoka, lakini roho imetulia.

Leo nimempeleka mama Kaloleni tukaliangalie shamba alilotuachia marehemu baba. Tangu mifereji yetu hapa Kibokoni ikauke na tukawa tunaishi kwa maji ya mkokoteni, wimbo wangu ni mmoja tu: tuhame. Tuwe na maji yetu, chakula chetu, taa zetu za jua. Mji ukikwama, sisi tusikwame.

Nilikwenda kulikagua, lakini sitajidanganya: nilishalipenda kabla sijafika.

Na halikuniangusha. Kisima kina maji baridi, si haya yetu ya chumvi yanayokataa povu la sabuni. Mihogo imejiotea yenyewe. Minazi inazaa. Nyumba inataka mabati mapya na choo kichimbwe upya, basi. Nilizunguka nikipanga kwa sauti, hapa kuku, pale tangi, kule mchicha, na mama ananifuata taratibu, buibui lake limejaa mbegu za vishona nguo.

Mama Kadzo, jirani pekee wa karibu, ndiye aliyetutekea maji. Mama akanywa, akamshukuru Mungu, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza saa:

“Maji ni mema, mwanangu. Na mimi nikifa huku, ’taoshwa ni nani?”

Aliyejibu ni Mama Kadzo: “Maji nitakutekea, mama. Lakini mimi ni Mkristo, kuosha kwenu sikujui.”

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Njiani kurudi mama hakulitaja tena. Hakuwa akinitisha wala kukataa kuhama. Alitaka kujua tu, na ana haki ya kujua.

Huku Kibokoni msiba ukitokea, hujamaliza kulia mlango umeshajaa watu. Huyu kaleta shuka za kuzibia pa kuoshea, yule anakata sanda, na Bi Zuhura wa nyumba ya pili anakunja mikono ya nguo, anaingia kuosha. Mimi hukimbilia jikoni kupika kahawa ya wafiwa. Naogopa maiti, ndivyo nilivyo. Nimepanga kujitegemea kwa maji, kwa mihogo, kwa umeme, na jambo ambalo hakuna mtu anayeweza kujifanyia mwenyewe nimewaachia majirani ninaotaka kuwahama.

Kesho baada ya alasiri nitakwenda kwa Bi Zuhura nimwombe anifunze. Sijui kama mikono yangu itakubali. Ila sitamhamisha mama kabla sijajua kuosha, na nikishajua, wa kwanza nitakayemwosha peke yangu huenda akawa yeye.