Dirisha la Ngumbaru

Kwamboka wangu,

Hapa Manga tu wazima. Ng'ombe amezaa, nyanya yako anakusalimu, na mimi bado ndiye mzee mtanashati kuliko wote kijijini.

Unauliza kwa nini wazazi hawaji kusoma jioni hapo shuleni kwako mjini, na ni bure. Umenikumbusha ngumbaru, darasa letu la watu wazima Kisii mjini. Nilikuwa kijana, nauzia wageni vinyago vya mawe ya Tabaka. Niliachia darasa la tatu, lakini Kizungu cha kuuzia nilikuwa nacho, usicheze na mimi!

Jioni ya kwanza naingia, nani yuko benchi la mbele? Mama mkwe, mama yake nyanya yako! Na unajua kwetu mkwe hukai naye chumba kimoja. Nikatoka mbio. Mwalimu, mama wa kutoka kule ziwani, akadhani nimeogopa ubao.

"Huyo ni mkwe wangu," mama mkwe akamweleza. "Mimi nikiwa humu, yeye hawezi kusoma."

"Basi nani aende nyumbani?"

"Hakuna. Fungua dirisha, asomee nje."

Nikasomea dirishani, mvua mgongoni, nikimsikia mama mkwe akisoma sentensi nzima kabla yangu. Ungekuwa wewe ungeacha?

Kwa hivyo waulize hao wazazi wanamwonea nani haya, kisha uone pa kuwaweka.

Barua hii naiandikia nje, kwenye dirisha la jikoni. Ndani, mkono wangu hukataa mpaka leo.

Babu yako