Mkwe Ndani ya Chumba cha Joto

Mdogo wangu Mwajuma,

Nakusalimu kutoka hoteli ya kando ya ziwa, milimani Uswisi, ambako theluji imefika madirishani. Lukas, mume wa mwanangu Zaituni, ndiye aliyetuleta.

Jana nilipoganda kwa baridi, mhudumu alinipeleka kwenye chumba cha mbao chenye joto kavu, lile lile la Dodoma kabla mvua hazijaanza. Nikaketi na kanga yangu, nikafumba macho, nikawa nimerudi kwetu Chang'ombe, pale pale Dodoma.

Mara mlango ukafunguka, akaingia Lukas, uchi kama alivyozaliwa. Ndiyo desturi yao humo. Ila Zaituni amemfundisha adabu, basi akainamisha kichwa: “Shikamoo, mama.”

Mwajuma, nikinyamaza namvunja moyo mkwe mwenye heshima. Nikiitikia nakiri kwamba nimemwona. Nikajifunika kanga usoni. “Marahaba, baba.”

Akaketi karibu na mlango, akauliza kama naiona milima pale dirishani.

“Sioni kitu, mwanangu.”

Nikaendelea kutoona kitu hadi nikaanza kuiva. Mwishowe nikapapasa ukuta, nikapata mlango wa pili, nikatokea moja kwa moja kwenye theluji. Wageni waliokuwa nje wakanipigia makofi, wakidhani nami napoza mwili kama wao.

Leo Lukas anajisifu hoteli nzima kuwa ana mama mkwe jasiri, na jioni anataka twende tena. Waulize upesi shangazi zetu wa Haneti: mbuzi wa kufuta aibu anatoka kwangu au kwake?

Mungu akutunze, wewe na joto lako.

Dada yako,
Hadija