Hayana Moshi, Nilimwambia Mama

Alhamisi, Januari 2009. Ukungu tangu alfajiri. Basi la kampuni limetambaa kutoka kambini hadi ghalani kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na sote tumekaa kimya na majaketi yetu. Nimechoka. Mgongo ni mzima, miguu ni mizima, lakini nimechoka.

Siku tatu sijaandika hapa. Nilianza mara mbili, nikafuta.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni karani wa stoo kwenye ghala moja huku Dubai Investments Park. Tunauza makaa ya kuotea moto. Nikiwaambia watu kanisani wanacheka, maana nani anaota moto Dubai? Lakini wapo wenye majiko ya chuma sebuleni, wapo wenye mashamba milimani na mahema jangwani, na miezi hii ya baridi wanataka moto. Mzigo mwingine tunaufungasha upya na kuupeleka nchi zenye baridi ya kweli.

Tuna aina mbili. Ya kwanza ni makaa ya mawe yale magumu, antrasiti, yanayong'aa kama kioo cheusi na yasiyochafua mkono. Ya pili yanatengenezwa kiwandani: vumbi la makaa linachanganywa na gundi, linashindiliwa, linakaushwa, linatoka na umbo la yai. Hamza, Mganda anayeendesha forklifti, ndiye aliyeyapa majina. Haya ni mawe, yale ni mayai. Hata Sir, bosi wetu, siku hizi anasema hivyo.

Wiki hii Sir alinipa kazi ya kuandika karatasi ya kuwasaidia wateja kuchagua. Jumatatu mimi na Hamza tukawasha majiko mawili uani, moja la mawe, moja la mayai, nikakaa na daftari langu kutwa nzima.

Mawe yalitusumbua. Vijiti vya kwanza viliisha hayajashika. Yanataka hewa ya kutosha kutoka chini, na ukiyachokoa ovyo yanakuzimikia. Lakini yakishashika ni moto wa siku nzima, mwali mfupi wa buluu, na jivu ukilichota halijazi kopo. Mayai yalishika upesi, yakatoa joto la kutulia lisilo na fujo, yakawahi kuisha na kuacha jivu jingi. Nikaandika kwamba mawe ni ya mwenye jiko zuri na subira, mayai ni ya mwenye jiko dogo na haraka zake. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, nikaandika lile linalouza yote mawili: HAYANA MOSHI.

Nilijisikia msomi siku hiyo.

Jumanne, kabla ya saa ya chai, ukaingia ujumbe wa wifi yangu Muthoni, mke wa kaka yangu. "Mama yuko hospitali. Piga."

Inabidi nieleze. Mama anaishi peke yake Kinangop, nyanda za juu za Kenya. Januari kwetu mchana ni jua, lakini usiku mbingu ikiwa wazi barafu inaanguka na asubuhi viazi vimeungua shambani. Kifua cha Mama kimeharibiwa na moshi wa kuni, miaka yote ile ya kuinama jikoni. Kwa hiyo mwezi wa kumi na moja gunia la mayai lilipopasuka stoo, nilimwomba Sir, akanipa. Nikalibeba hadi kwa wakala wa kago kule Al Ras, likaenda kwa meli pamoja na blanketi mbili. Nilijiona binti mwema kuliko wote.

Lilipofika nikampigia simu. Nikamwambia, "Mama, haya hayana moshi. Sasa kifua chako kitapumzika."

Sikumwambia kingine. Nilijua jiko lake ni lile la kawaida la kubeba kwa mkono, halina bomba. Nilijua pia kwamba ghalani kwetu hakuna anayewasha jiko ndani milango ikiwa imefungwa. Tulifundishwa hivyo wiki ya kwanza ya kazi. Moto usiotoa moshi hutoa hewa ya sumu vilevile, hewa isiyoonekana wala kunuka. Nilijua. Sikufikiri tu kwamba nilichokijua hapa kinahusika kule.

Jumatatu usiku Mama aliyawasha, akalipeleka jiko chumbani kwake. Akafunga dirisha, akaziba mwanya wa chini ya mlango kwa gunia.

Asubuhi ng'ombe walilia hawajakamuliwa. Muthoni akaja, akagonga, kimya. Jirani akauvunja mlango kwa shoka. Walimkuta sakafuni karibu na kitanda, ametapika, macho yakiwa wazi na hawezi kutamka jina la mtu. Akapelekwa Naivasha kwa gari la maziwa, katikati ya madebe. Daktari alimwambia Muthoni kwamba angekawia saa moja tu tungekuwa tunazungumza mengine.

Muthoni hakunilaumu. Alinisimulia yote taratibu, kisha akauliza, "Wewe si ulisema hayana moshi?" Alikuwa anauliza kweli, anataka kuelewa.

Sikumwambia mtu yeyote ghalani. Mwaka huu si wa kujulikana kwamba una shida. Uchumi umeanguka, watu wanarudishwa makwao kila wiki, leo unamsalimu mtu kwenye basi, kesho kiti kitupu.

Leo asubuhi nimempelekea Sir karatasi. Nilikuwa nimeongeza mstari mmoja: usiwashe kwenye chumba kisicho na bomba la kutoa hewa nje, hata kama huoni moshi.

Ameusoma, akachukua kalamu, akaukata.

"Unawatisha wateja wangu," amesema. "Watu wanajua mambo haya."

Nimesema, "Yes, Sir." Miaka minne ya Dubai imenifundisha hilo kabla ya jingine lolote.

Saa tano ameingia madam mmoja na msichana wake wa kazi nyuma yake, amebeba mkoba. Madam alitaka kitu cha joto kwa ajili ya chumba cha msichana, kile cha juu ya paa, maana analalamika baridi. Jiko dogo wanalo, lile la kuchomea nyama. Akayashika mayai mkononi akayageuza. Akaniuliza kama ni kweli hayana moshi.

Sir alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, anatabasamu.

Nikasema ni kweli, hayana moshi, na yatamuua. Sauti yangu ilikuwa ya chini kuliko nilivyotaka. Nikamweleza madam kwa Kiingereza kwamba chumba bila bomba si mahali pa moto wowote, wa mawe wala wa mayai, na kwamba anunue hita ya umeme. Kisha nikamgeukia msichana. Nilikuwa nimeshasikia lafudhi ya kwetu alipomjibu madam kwa Kiingereza, nikamwambia kwa Kiswahili, "Dada, hata wakikupa, usiwashe ndani. Bora baridi."

Aliitikia kwa kichwa. "Nimesikia, dada."

Madam aliyarudisha mayai kwenye gunia, akapangusa vidole, wakaondoka bila kununua kitu.

Sir ameniita ofisini. Nimesimama, yeye amekaa. Ameniuliza kama nimechoka na kazi. Hapo ndipo nilipomwambia. Gunia lile alilonipa, blanketi, jiko, shoka, gari la maziwa. Sikulia. Nilisimulia kama ninayemsomea orodha ya mzigo.

 Ameniuliza Mama ana umri gani. Nikamwambia. Akasema wa kwake ni mkubwa kidogo, yuko kijijini, naye huota moto wa mkaa.

Hakusema pole. Ameivuta karatasi, akauandika tena ule mstari kwa mkono wake, chini kabisa, kwa herufi ndogo. "Khalas, basi. Rudi kazini." HAYANA MOSHI bado iko juu, kubwa vilevile. Sikuwa na nguvu ya kuigombania. Naandika hapa ili nisije nikajisimulia baadaye kwamba nilikuwa shujaa.

Jioni nimempigia Mama. Muthoni ameishikilia simu sikioni mwake. Sauti yake ni nyembamba lakini maneno yanatoka mazima, majina anayakumbuka yote, hata ya ng'ombe. Kesho wanamruhusu arudi nyumbani.

Nimemwambia, "Mama, kosa ni langu. Nilijua na sikukwambia."

Amekohoa kwanza. 

"Nilipata joto," amesema. "Tangu baba yako afe sijalala na joto namna ile. Nilijua ni wewe umenifunika."

 Nimemwomba tu asiyaguse yaliyobaki mpaka fundi aje. Ameniuliza fundi wa nini, nikamwambia wa jiko lenye bomba, akasema nyumba yake itafanana na kiwanda. Amekubali lakini.

Sasa nimekaa kitandani na viatu, majaketi ya wenzangu yananing'inia pembeni, na kwenye daftari nimechora nyumba ya Mama: mlango, dirisha, kitanda, paa la mabati. Nimepachora pa kutokea bomba, nimepafuta, nimepachora tena upande wa pili, mbali na kitanda. Mtu anapimaje nyumba ya mama yake akiwa huku?