Mashimo ya Ngolo Nyuma ya Nyumba Yako

Mama Edwini, mkwe wangu,

Sikuamkii. Hata ulipokuwa hai hatukumaliza kubishana nani kati yetu ampe mwenzake shikamoo. Wewe ulisema mimi ndiye mkubwa kwa sababu nina mvi nyingi, nami nikakuambia mvi zangu ni za baridi ya Mbinga. Sasa umenitangulia, na kama unaona hilo linakupa ukubwa, haya, shikamoo. Usitegemee nirudie.

Nakuandikia nikiwa barazani kwako hapa Liuli, nimekalia kigoda chako kile chenye mguu mmoja mfupi ambao hukuwahi kuutengeneza. Nimeuwekea jiwe. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne, kwa hiyo soma polepole na usinicheke.

Kwanza nikugombeze. Ulisimama jikoni kwako, mwiko mkononi, ukaniambia mbele ya watu, "Mjukuu akizaliwa, mzazi namkanda mimi. Wewe Mmatengo utashuka kula samaki tu." Nikakuachia kwa heshima ya ukwe, ingawa kukanda mzazi wa mtoto wa kwanza ni kazi ya mama yake mzazi, na mama yake mzazi ni mimi. Nikasema basi, nyumba ni yake, acha ashinde. Halafu presha ikakuangusha kabla hata mvua hazijaanza, ukaenda zako, ukaniachia maji ya moto, nepi, joto la huku na mbu wenu. Ndiyo ushindi gani huo?

Haya, habari. Mtoto ni wa kike. Kichwa ni cha kwenu, kikubwa, na kilimtesa mwanangu sawasawa. Pua ni yangu. Jina wamemwita Braitnesi. Nilipouliza katoka wapi huyo Braitnesi, maana kwetu hayupo na kwenu hayupo, mwanao akaniambia, "Mama, ni mwangaza." Nikamwambia mwangaza ni mwangaza, mbona hamkumwita hivyo? Akacheka kile kicheko chenu cha kukwepa maneno.

Mzazi mwenyewe, Skola wangu, hutamtambua ukimwona. Nywele zilianza kutoka mbele kwa mafungu, akazikata zote, na sasa yuko kama mtoto wa darasa la saba. Miguu imekuwa mikubwa. Viatu vyake vyekundu vya kufundishia havimwingii tena, nimevichukua mimi, ndivyo nendavyo navyo kanisani, na vinanikaa vizuri kuliko vilivyomkaa yeye. Usipa, dagaa wenu wa ziwani ambao alikuwa hautaki, sasa anakula bakuli zima na vichwa vyake. Lakini kahawa hataki hata kuisikia. Nilimletea kahawa ya shambani kwetu, nimeikaanga na kuitwanga mwenyewe, akaziba pua na kukimbilia uani. Kahawa iliyomsomesha mpaka akawa mwalimu! Nimeinywa peke yangu barazani, nikiwa nimempa mgongo.

Chai anatia chumvi. Simu anaitafuta huku ameishika. Mtoto akipiga mwayo anapiga picha, akipiga mwingine anapiga nyingine, nikamwambia mwayo ni mmoja tu duniani, umeuona, tosheka.

Hayo ni ya sasa. Mwanzoni hayakuwepo, na ndiyo maana nakuandikia.

Nilipofika baada ya yeye kujifungua, mtoto alikuwa mzima na maziwa yalikuwa mengi, lakini Skola alikuwa kimya. Skola! Yule ambaye tangu mdogo tulikuwa tunamfukuza kwenye buni kwa sababu anaimba mpaka wachumaji wanasahau kuchuma. Alinyonyesha, akala nilichompa, akanishukuru kama mgeni, akageukia ukutani. Nikamkanda, nikampikia uji wa ulezi na karanga, nikamwombea rozari. Wapi. Wanawake wako wa kioda, ile ngoma yenu ya ziwani, walikuja. Hawakuwa wamecheza tangu ulipofariki, filimbi yako wanayo lakini hakuna aliyetaka kuipuliza. Wakamwambia, "Mwalimu, wewe ndiye uliyefundishwa na marehemu mwenyewe, ukipona utuanzishie." Akajibu, "Bado." Nikawasindikiza, na sikuwabembeleza warudi. Unajua mimi na hiyo kioda yenu. Mwalimu mzima wa serikali kuvaa sare nyeupe na kupiga hatua mchangani! Ulimwingiza wewe, nami sikupenda, na nilikuambia.

Nikaamua. Nikamwambia mwanao, "Baba, mke wako hali ya huku imemshinda. Akipata nguvu napanda naye Mbinga, yeye na mtoto. Watakaa mpaka mtoto atembee." Edwini akasema, "Sawa, mama," akatoka nje, akakaa kwenye mawe kule ziwani akitazama maji. Alikuwa ametoka kukuzika wewe, na sasa nyumba ilikuwa inabaki tupu kabisa. Niliona. Lakini mimi nilikuwa na mtoto wangu wa kumtazama, na begi nikalifunga.

Wakati tunasubiri apate nguvu, mikono ikaniwasha. Nikatazama shamba lako hapo nyuma. Mama Edwini, yale uliyaita matuta? Kuku walikuwa wanayapangua kwa miguu. Nikasema siwezi kuondoka mahali nikaacha udongo umelala hivi, watu wakafikiri nimejifunza kulima hapa. Nikafyeka majani, nikayaacha yakauke, nikayapanga miraba kama tufanyavyo kwetu, nikachimba katikati na kuyafunika kwa udongo. Nikakuchimbia ngolo safi kabisa, mashimo yamepangana, kingo zimeinuka, na maharage juu yake. Kwetu milimani mvua ikija, maji yanaingia shimoni, yanatulia, udongo hauendi popote. Watu wa serikali wanapanda kuja kutazama.

Jirani yako, yule mwenye mabata, aliegemea ua akaniuliza, "Bibi Mmatengo, unatafuta madini?" Nikamwambia, "Natafuta watu wa kufundisha kilimo, nimekukosa wewe." Akasema, "Bibi, hapa ni tambarare, maji yatakaa." Nikamwambia ndiyo kazi ya shimo, yakae.

Mvua ikanyesha. Yakakaa.

Sitaki maneno mengi. Ngolo zangu hazina kosa, zimechimbwa kama alivyonifundisha mama yangu. Kosa ni la shamba lako, ambalo halina mteremko hata wa kumteremsha siafu. Asubuhi nikakuta kila shimo limejaa mpaka ukingoni, vyura wanapiga kelele kama bunge, na mabata ya yule mwanamke yamehamia, kila familia na shimo lake. Nikachukua jembe nikaenda kuyafukuza. Bata mmoja akanirukia usoni, mguu ukateleza, nikakaa ndani ya shimo. Maji mpaka kiunoni. Bata akabaki ananitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi.

Nikasikia kicheko.

Skola alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mtoto kifuani. Alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa na kumtazama kwa mshangao, maana tangu azaliwe hakuwahi kusikia sauti hiyo. "Mama! Mama umepata wapangaji!" Nikamwambia njoo univute, mpumbavu wewe. Akampa jirani mtoto kupitia juu ya ua, akaja, akanishika mkono, na mwenyewe akaingia mzima mzima. Tukakaa kwenye matope wawili. Yule jirani alikuwa ameketi chini na mjukuu wetu mapajani, kwa kucheka hawezi hata kusema pole.

Halafu kicheko cha Skola kikageuka. Akaniangukia kifuani na kulia, Mama Edwini, kilio kile cha msibani. Akasema, "Angekuwepo angecheka. Aliniambia atakuwepo. Mimi sijapaona hata mahali alipolala."

Ndipo nikaelewa. Siku ya kukuzika tulimfungia ndani. Mjamzito hapelekwi makaburini. Huko kwetu ni hivyo na huku kwenu ni hivyo, hapo hatukuwa na la kubishana. Mimi nilisimama mlangoni, na mwili wangu unaujua, hakuna anayepita. Akabaki anasikia nyimbo zikienda mbali. Sisi wengine tulilia tukamaliza, tukanawa mikono, tukala. Kisha akajifungua, kila mtu akaja na hongera, na nani angemlilia marehemu mbele ya hongera? Hakuna aliyemwambia sasa njia imefunguliwa, nenda. Nilikuwa namkanda tumbo mtu ambaye msiba wake haujatoka.

Kesho yake tulikuja kwako. Unajua, ulituona. Edwini mbele na panga akifyeka majani, Skola nyuma yake, mimi na mtoto mgongoni. Skola akakaa chini akakueleza uchungu ulivyoanza na ulivyokwisha, yote, kama alivyokuahidi atakueleza. Mimi nikasogea pembeni nikajifanya natazama ziwa. Kisha akamwinua mtoto juu ili umwone, na huyo Braitnesi, akiwa ameshiba, akakutapikia maziwa juu ya msalaba. Edwini akashtuka akatafuta kitambaa. Nikamwambia mwache, ndivyo wanavyoamkia wa siku hizi. Tukacheka wote pale makaburini bila aibu.

Njiani kurudi, Skola akasema, "Mama, mimi Mbinga siendi."

"Nani amekuuliza?"

"Begi limefungwa, mama."

"Begi ni la kwangu."

"Zimo nguo za mtoto."

Edwini akainamia panga lake akalichunguza kama ndiyo kwanza analiona. Nilikasirika, sikufichi. Tulipofika nyumbani nilichukua sahani yangu nikala uani, na Skola akajua. Nilitaka mtoto wangu juu kule kwenye hewa safi, chini ya macho yangu, nimwone akimfunga mwanawe mgongoni na kupita kwenye buni. Nilitaka niamke nimsikie. Jioni nikamsikia, kweli, yuko jikoni kwako anaimba wimbo wa kioda, ule wa maneno ya Kinyasa nisiouelewa, na mumewe anamrekebisha anapokosea, na anapomrekebisha anarushiwa kitambaa cha sahani. Nikakaa nikasikiliza. Nikaenda chumbani, nikalifungua lile begi mwenyewe, nikarudisha vinguo vya mtoto kwenye kamba. Hakuna aliyeniomba, na hakuna aliyethubutu kunishukuru. Wamenijua.

Sasa Jumamosi jioni anakwenda kwenye kioda. Filimbi anapuliza yeye. Mimi nashika mtoto pembeni. Maziwa yanatoka yenyewe yanalowesha ile sare nyeupe, madoa mawili mbele kama medali, wala hajali. Mtoto akilia, Skola anaacha mstari, anakuja mbio, anakaa mchangani ananyonyesha, na wale wanawake hawaketi. Wanakanyaga palepale, ngoma inashuka chini, wanamsubiri, akimaliza anarudi na wanaendelea walipoachia. Sijaona jambo kama hilo kwetu. Ni zuri, nimesema, usiniulize tena. Wanasema mguu wangu ulikuwa unafuata ngoma. Waongo. Ilikuwa siafu.

Mabata bado yamo. Jirani anataka niyaache mashimo yabaki, anasema tangu yachimbwe mabata yanataga sana. Maharage yaliyokuwa chini yameoza. Yale ya kwenye kingo yameota, tena yana majani mapana kuliko chochote ulichowahi kuotesha wewe hapo, na nimemwita Edwini ayatazame mara mbili.

Kesho napanda Mbinga. Buni zimeanza kuiva na hazinisubiri. Nimemwonyesha Skola jinsi ya kujikanda mwenyewe, nimemwonyesha Edwini jinsi ya kupika uji usio na mabonge. Aliufanya una mabonge. Atajifunza.

Nakuahidi mambo mawili, mkwe wangu. Kila nikishuka huku, nitapita kwako kwanza kabla sijala, hata jua liwe kali vipi, ili usiwe na la kusema. Na huyu mtoto akianza kuuliza bibi yake wa ziwani alikuwa mtu wa namna gani, hatapewa zile habari za kanisani za marehemu asiye na doa. Nitamwambia ulikuwa na sauti kama ya ng'ombe, ulizidisha chumvi, ulipenda kushinda, na uliwafundisha wanawake wa kijiji kizima kusimama mstari mmoja, na mama yake akiwamo. Namwambia mimi, kwa mdomo wangu, na wewe unajua sisifu ovyo.

Nimeamka leo nikakuta mlango uko wazi, nepi zimeanikwa mpaka kwenye ua wa jirani, mwanao anatafuta soksi moja ya mtoto chini ya kitanda na mkewe anamcheka kwa sababu anaitafuta huku ameivaa kidoleni. Nyumba yako ina fujo, Mama Edwini. Nimejaribu kuipanga, imenishinda, naiacha hivyohivyo na watu wake watatu ndani.

Lala vizuri huko. Usigombane na mtu mpaka nije.

Mkwe wako,
Mama Skola